Vitabu Tulivyovipenda na Filamu Zilizotoka Humo

Taifa linapojenga utamaduni wake halina budi kujiuliza mara kwa mara ni nani anayelisimulia. Swali hili aghalabu huulizwa juu ya ngoma, juu ya ushairi na juu ya historia. Ni mara chache limeulizwa juu ya filamu, na mara chache zaidi juu ya zile filamu zilizotokana na vitabu ambavyo watu wetu walikuwa wamekwisha kuvisoma na kuvipenda. Ilhali malalamiko yako, tena ni ya siku nyingi. Mtu akitoka kuitazama filamu ya kitabu akipendacho, kwa kawaida husema maneno mawili tu: sicho kile. Wenzake humcheka, wakamwambia kwamba kitabu ni kitabu na sinema ni sinema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba malalamiko hayo yana msingi, ila msingi wenyewe sio ule unaodhaniwa. Wengi hudhani kwamba kosa la filamu ni kupunguza na kubadili. Sisi tunasema kwamba kupunguza na kubadili si kosa. Kosa kubwa la filamu hizo limekuwa kumbadili mwenye hadithi.

Tunayaandika haya kwa fikira za watu wa Mara. Mbalibali ni kata ya Wilaya ya Serengeti, na ukivuka Mto Mara waingia Tarime. Katika nchi hii ya Wangoreme, Wakurya, Waikoma na majirani zao, hadithi ni mali iliyokuwako kabla ya kitabu. Bibi huwasimulia wajukuu jioni penye moto, na mpiga litungu huimba habari za watu na ng'ombe mbele ya mkutano. Yeyote aliyepata kuisikia hadithi moja katika nyumba mbili za kijiji kimoja ajua kwamba hazifanani. Nyumba hii fisi ana mke mmoja, nyumba ile ana wawili. Hapa mto umefurika, pale mto haupo kabisa. Hakuna aliyemwita bibi mwongo kwa sababu hiyo.

Hata hivyo msimulizi ana mpaka wake. Ana ruhusa ya kuongeza mto na kupunguza mlima. Hana ruhusa ya kumfanya mwerevu wa hadithi kuwa mpumbavu, wala kuuondoa ule mwisho ambao kwa ajili yake hadithi ilisimuliwa. Akifanya hivyo hata watoto watamkatiza na kumwambia kwamba sivyo. Kipimo hiki ni cha wazee wetu, wala hakikutoka katika chuo chochote. Nacho ndicho tutakachokitumia kuzipima filamu.

Kitabu cha mwaka 1929

Pengine hakuna kitabu cha kigeni kilichopendwa na wasomaji wa Kiswahili kuliko Mashimo ya Mfalme Sulemani. Mwandishi wake, Henry Rider Haggard, alikuwa Mwingereza aliyefika Afrika ya Kusini mwaka 1875, naye bado kijana, akatumika chini ya serikali ya Natal na baadaye Transvaal. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1885. Tafsiri ya Kiswahili ilifanywa na Frederick Johnson, mtumishi wa idara ya elimu ya Tanganyika, ikatolewa mwaka 1929. Ni mwaka uo huo alipotoa pia Kisiwa chenye Hazina. Mwaka uliofuata iliundwa ile Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki, na Johnson ndiye aliyekuwa katibu wake wa kwanza. Kiswahili sanifu kilikuwa bado kichanga, vitabu vya kusoma kwa furaha vilikuwa haba, na shule zilikuwa na njaa ya maandishi. Kitabu hicho kikaingia madarasani, kikatoka madarasani kikaingia majumbani, na kwa miaka mingi baada ya uhuru kiliendelea kupita mkono hata mkono mpaka majalada yake yakanyofoka.

Yatupasa kuuliza: kwa nini kilipendwa? Safari ya jangwani ilikuwa tamu, na mlango wa jiwe ufungwao kwa siri ulitisha. Lakini mambo hayo yamo katika vitabu vingi. Sisi twaamini kwamba siri ya kitabu hiki ilikuwa mtu mmoja, naye ni Umbopa.

Umbopa aja kwa Wazungu watatu akiomba kazi ya kuwafuata safarini. Ni mtumishi, lakini hanyenyekei kama mtumishi. Asema nao kwa haki, huku akiwatazama machoni, nao hawajui wamfanyeje. Wakisha kuvuka jangwa na milima na kufika katika nchi ya Wakukuana, Umbopa afunua nguo yake na kuonyesha alama ya nyoka iliyochorwa kiunoni mwake. Ndipo ijulikanapo kwamba jina lake ni Ignosi, mwana wa mfalme aliyeuawa, na kwamba mama yake alikimbia naye angali mdogo. Mchukua mizigo kumbe ndiye mwenye nchi.

Tufikiri maana ya habari hiyo kwa msomaji wa Tanganyika wa mwaka 1929. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha miaka kumi na mmoja tu iliyopita. Katika vita ile maelfu kwa maelfu ya watu wa nchi hizi walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi ya Wazungu, wengi wakafa njiani kwa njaa na maradhi. Na jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, ni ukumbusho wa kikosi cha wapagazi hao. Mtoto ambaye baba yake au mjomba wake alibeba sanduku la askari wa kigeni alisoma kitabuni kwamba aliyebeba sanduku alikuwa mfalme. Hakuhitaji mwalimu wa kumweleza.

Tena katika kitabu cha Haggard hadithi haiishii kwenye almasi. Wageni wanapotaka kurudi kwao, Ignosi awaaga kwa upendo, lakini awaambia wazi kwamba hatawaruhusu Wazungu wengine kuingia katika nchi yake. Hataki wafanya biashara wenye bunduki na pombe, wala wahubiri wa kutangulia njia. Mfalme amekwisha kujua mgeni humalizia wapi. Maneno hayo yaliandikwa mwaka 1885, wakati mataifa ya Ulaya yalipokuwa yakigawana Afrika kwa kalamu na rula.

Hatukisifu kitabu hiki kwa upofu. Haggard alikuwa mtu wa dola la Kiingereza, na dharau yake kwa Mwafrika imo katika kurasa nyingi. Foulata, msichana Mwafrika aliyependana na Kapteni Good, auawa na yule mwanamke mkongwe Gagool karibu na hazina, kwa kuwa mwandishi hakuthubutu kuwaacha wapendanao hao wakafika mwisho wa kitabu. Hata pambano la mwisho na Twala, mfalme dhalimu, mshindi wake ni Mwingereza. Hata hivyo msomaji ni mtu huru. Msomaji wa Kiswahili aliichukua nafaka akapepeta makapi, akamshika Umbopa kuwa wake. Kwa njia hiyo kitabu cha mgeni kikawa kitabu chetu.

Filamu tatu

Kitabu hicho kimefanywa filamu mara kadhaa. Sisi tutazitazama tatu, tukimfuata Umbopa kama mtu afuataye nyayo za ng'ombe aliyepotea.

Filamu ya kwanza kati ya hizo ilitolewa Uingereza mwaka 1937. Umbopa aliigizwa na Paul Robeson, Mmarekani Mweusi, mwimbaji mashuhuri na mpigania haki za watu wake. Hapana shaka kwamba Robeson alikuwa na umbo, sauti na heshima ya mfalme. Lakini waliomwajiri walimtaka hasa kwa sauti yake, wakamtilia nyimbo ambazo hazimo kitabuni. Aidha walimwongeza msichana kutoka Ireland, amtafutaye baba yake, ili mapenzi ya filamu yawe baina ya Wazungu kwa Wazungu. Foulata hakuonekana. Umbopa wa mwaka 1937, basi, angali mfalme, ila ni mfalme aimbaye ili watazamaji wa London wapumzike.

Ya pili ni ya Marekani, ilitoka mwaka 1950, nayo ndiyo iliyovuma kupita zote. Iligharimu fedha nyingi na ilipigwa picha katika Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo na Rwanda. Ilipata tuzo mbili za Oscar, ya upigaji picha na ya uhariri, na kwa kweli picha zake ni nzuri: wanyama wakimbiao kwa maelfu, maporomoko ya Murchison, na wacheza ngoma warefu wa Kitutsi katika mavazi yao. Umbopa aliigizwa na Mnyarwanda aliyeitwa Siriaque. Tukitazama juu juu twaweza kusema kwamba hapa Mwafrika alipata haki yake, kwa kuwa nchi ni yake, ngoma ni zake, na hata pambano na Twala alilipigana mwenyewe Umbopa, si Mwingereza. Katika jambo hilo filamu ilibadili kitabu, ikakibadili kwa wema, wala hatuna ugomvi nayo.

Lakini tuendelee kufuata nyayo. Katika kitabu Wazungu watatu wasafiri kumtafuta ndugu wa mmoja wao. Katika filamu aongoza safari mwanamke wa Kiingereza amtafutaye mumewe, naye aigizwa na Deborah Kerr. Kuanzia hapo hadithi yote ni ya mwanamke huyo na yule mwindaji Quatermain: kwanza hawapatani, kisha wapendana, mwisho warudi pamoja. Umbopa aingia katikati ya safari kama mpita njia. Vita kubwa ya kugombea kiti cha ufalme, ambayo kitabuni ndiyo moyo wa hadithi, imefupishwa ikawa kupigana kwa watu wawili. Akisha kushinda, kazi yake imekwisha. Wageni wapewa watu wa kuwasindikiza, waenda zao. Ule mwisho ambao mfalme aifunga nchi yake na kutoa sababu zake hautiliwi maanani. Watu wa Rwanda walicheza ngoma yao halisi katika ardhi yao halisi, lakini waliicheza nyuma ya mapenzi ya watu wawili kutoka Ulaya. Walikuwa pazia.

Filamu ya tatu ilipigwa Zimbabwe, ikatoka mwaka 1985, wakati nchi hiyo ilikuwa na miaka mitano tu ya uhuru. Hii haikustahi lolote. Watengenezaji walitaka kuiga filamu za vituko zilizokuwa zikipendwa siku zile, kwa hiyo wakaleta Wajerumani wa kuchekesha, wala-watu wa kuchekesha, na chungu kikubwa mno ambamo Wazungu wawili watiwa pamoja na mboga ili wapikwe. Umbopa alipewa Ken Gampu, mwigizaji hodari wa Afrika ya Kusini ambaye angaliweza kabisa kuwa mfalme. Wakamfanya mtumishi mwoga, wa kutolewa macho na kuchekwa. Hata jina lake walilipotosha kidogo.

Hapo ndipo nyayo zinapoishia. Katika muda wa miaka mia moja kamili, toka 1885 hadi 1985, mfalme aliyejificha katika nguo za mchukua mizigo alirudishiwa mizigo yake akaambiwa achekeshe. Mtu aliyekipenda kitabu hiki kwa Kiswahili akasema "sicho kile" hakuwa akilalamikia milima iliyopungua. Alikuwa amenyang'anywa mtu wake. Kwa kipimo cha bibi zetu, mwerevu wa hadithi amefanywa mpumbavu, na mwisho ambao kwa ajili yake hadithi ilisimuliwa umeondolewa.

Mlima wetu na mbuga yetu

Watengenezaji wa filamu hawakuwatendea hivyo Waafrika peke yao. Hata waandishi wao wenyewe hawakusalimika. Ernest Hemingway, Mmarekani aliyewinda Tanganyika mwaka 1933 na 1934, alitoa mwaka 1936 hadithi fupi juu ya mwandishi afaye kwa kidonda kilichooza, kambini katika mbuga, huku akizikumbuka hadithi alizopaswa kuziandika asiziandike. Theluji ya Kilimanjaro ndiyo imtokeayo katika ndoto yake ya mwisho. Uzito wote wa hadithi hiyo ni kwamba mtu huyu afa, na kazi yake isiyofanywa yafa pamoja naye. Mwaka 1952 ilifanywa filamu, ikawa na waigizaji wakubwa, na watazamaji wakamiminika. Katika filamu mgonjwa apona. Hemingway hakuipenda, na twaelewa kwa nini. Aliandika onyo kwa wavivu, wakaligeuza kuwa faraja. Wenye fedha waliogopa kwamba mtazamaji akitoka na majonzi hatarudi tena kununua tikiti.

Twajifunza hapo jambo moja la uchumi ambalo tusipolielewa tutawalaumu watu bure. Kitabu chaweza kuandikwa na mtu mmoja mwenye kalamu na taa ya chemli. Filamu yataka mitambo, magari, waigizaji na mafundi wengi, na kila mmoja ataka ujira. Kwa hiyo filamu humtii yule atakayeilipa, na alipaye ni mtazamaji wa mahali fedha zilipo. Hadithi ya Kiafrika ikipigwa filamu kwa fedha za mbali hugeuza uso wake ikatazama mbali. Haihitajiki nia mbaya ya mtu yeyote; fedha yatosha kuifanya kazi hiyo.

Tuje sasa karibu zaidi na nyumbani. Mwaka 1959 Profesa Bernhard Grzimek, Mjerumani, pamoja na mwanawe Michael, walitoa kitabu na filamu kwa jina moja, lisemalo kwamba Serengeti isife. Walihesabu wanyama kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya punda milia, na Michael alikufa kwa ndege hiyo tarehe 10 Januari 1959, kabla kazi haijaisha. Amezikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Filamu yao ilipata Oscar mwaka 1960, na hapana shaka kwamba iliifanya mbuga yetu ijulikane duniani kote. Hatuwezi kuubeza msiba wao wala faida ambayo taifa limepata kwa kutunza wanyama.

Hata hivyo tuseme lililo kweli. Kutoka angani nyumbu huonekana, bali kaburi la babu halionekani. Kabla ya mipaka ya hifadhi kuwekwa, Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye na wengineo walilima, waliwinda, waliweka mizinga na kutambika katika sehemu za magharibi za nchi hiyo, na baadhi ya mahali pao pa matambiko pamebaki ndani ya hifadhi mpaka leo. Kitabu chaweza kusimama njiani kumuuliza mtu jina lake na jina la mlima. Kamera iliyo angani haisimami. Ndiyo maana watu wengi wa dunia, walioijua Serengeti kwa picha tu, hudhani kwamba ilikuwa nchi tupu iliyongoja kuhesabiwa. Mtoto wa Mbalibali akiitazama picha hiyo ataona wanyama anaowajua katika nchi isiyomjua yeye.

Tulipata kutunga ubeti mmoja juu ya jambo hili, nao ni huu:

Kitabu tukikisoma, wenyewe kwa macho yetu,
Picha hutujia vyema, kwa sura ya watu wetu,
Sinema inapovuma, hutupa macho si yetu,
Ni nani mwenye kusema, hadithi hii ni yetu?

Mfano wa Mwalimu

Msomaji aweza kutuuliza kama tunataka hadithi ibaki vile vile, isiguswe. La, hasha. Tunao mfano mzuri wa hadithi ya kigeni iliyobadilishwa nyumba bila kuvunjwa, tena mfanyaji wake alitoka Mara hii hii, Butiama, kwa Wazanaki. Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari mwaka 1963, akairudia kuisahihisha mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Na mwaka 1969 huo huo akatoa Mabepari wa Venisi. Tazama jina hilo la pili. Katika Kiingereza mtu wa jina la tamthilia ni mfanya biashara mmoja tu. Mwalimu aliandika mabepari, wengi, na katika Tanzania ya miaka miwili baada ya Azimio la Arusha neno hilo halikuwa neno la bure. Kwa neno moja alimwambia msomaji wake aisome tamthilia hiyo kwa macho gani.

Ni mabadiliko, tena makubwa. Lakini mwenye mashtaka angali mwenye mashtaka, hakimu angali hakimu, na ule mwisho wa ratili ya nyama bila tone la damu upo mahali pake. Mwalimu aliigeuza hadithi ikamtazama Mtanzania, wala hakumfukuza yeyote ndani yake. Johnson naye, ijapokuwa alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, alipotafsiri kwa Kiswahili alimpa msomaji Mwafrika ufunguo wa nyumba. Watengenezaji wa filamu tulizozitaja waliubadili mlango, na ufunguo wetu ukawa hauingii tena.

Filamu kwa mikono yetu

Je, sisi wenyewe tumefanya nini? Historia ya filamu katika nchi yetu si fupi. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walifanya jaribio la filamu za elimu kwa Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara. Zilikuwa filamu za kufundisha kilimo, afya na utii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilipigwa filamu za hadithi kwa Kiswahili, na katika Muhogo Mchungu aliigiza kijana Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wetu. Baada ya uhuru, katika Desemba 1962, Mwalimu alipolihutubia Bunge alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akieleza kwamba nchi isiyo na utamaduni wake ni mkusanyiko wa watu wasio na roho. Mwaka 1968 likaundwa shirika la umma la filamu, nalo likatoa filamu kadhaa, miongoni mwao Fimbo ya Mnyonge katika miaka ya 1970.

Lakini katika miaka hiyo yote riwaya zetu zilizopendwa zilikaa rafuni. Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla ulitoka mwaka 1960, Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla mwaka 1965, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi mwaka 1971. Wasomaji walizijua kama wajuavyo majina ya jirani zao. Fedha na mitambo havikutosha, na huenda pia hatukuthubutu.

Kwa hiyo ilikuwa ni siku kubwa kwa fasihi yetu, mwaka 2021, filamu ya Vuta N'kuvute ilipotolewa. Riwaya hiyo ni ya Adam Shafi wa Zanzibar, nayo ilichapwa mwaka 1999. Filamu iliongozwa na Amil Shivji, Mtanzania, ikaonyeshwa Toronto mwaka huo huo, na mwaka 2022 ilipelekwa na Tanzania kugombea Oscar ya filamu za kimataifa. Wako wasomaji waliosema hapo pia "sicho kile". Wana hoja. Riwaya ni pana, ina watu wengi na safari nyingi, na ucheshi wa mitaa ambao Adam Shafi huuandika kama asikiavyo. Filamu ya saa moja na nusu imeyashika zaidi mapenzi ya Yasmin na Denge na harakati za kuupinga ukoloni, mengine yakaachwa.

Sisi, kwa kipimo kile kile tulichokitumia, twasema filamu hiyo imesimama upande ulio salama. Imepunguza, ndiyo. Lakini Yasmin ni Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mume mzee akakataa kuzikwa angali hai. Denge ni Denge, mtu asiyetishika. Waunguja wasema Kiunguja chao, na hakuna mgeni aliyetiwa katikati ili atufasirie. Anayesikitika kwa filamu hiyo husikitika kama mtu aliyepewa sahani ndogo ya chakula cha kwao. Aliyesikitika kwa filamu ya 1985 alipewa sahani kubwa ya chakula cha wengine, akaambiwa ni chake. Masikitiko hayo mawili hayafai kuitwa kwa jina moja.

Yatupasayo

Siku hizi jambo hili lina uzito kuliko zamani. Katika vijiji vingi simu ya mkononi imefika kabla ya maktaba. Mtoto wa leo aweza kuitazama filamu ya Mashimo ya Mfalme Sulemani asijue kwamba kuna kitabu, wala kwamba babu yake alikisoma kwa Kiswahili. Kwake yeye Umbopa ni yule mchekeshaji wa mwaka 1985; hana Umbopa mwingine wa kumlinganisha naye. Zamani filamu mbaya iliwaudhi waliosoma. Leo yaweza kuchukua mahali pa kitabu chenyewe, na hapo hakutabaki mtu wa kusema "sicho kile".

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, vitabu vilivyopendwa vichapwe tena na kupatikana shuleni, tafsiri za zamani zikiwemo, ili mtazamaji awe na cha kupimia. Pili, mtengenezaji wa filamu wa Kitanzania atakayeichukua riwaya yetu ajiulize maswali ya bibi kabla ya maswali ya fedha: ni nani mwerevu wa hadithi hii, na ni mwisho gani ambao kwa ajili yake ilisimuliwa? Akiyajibu hayo, na abadili mengine kama apendavyo. Tatu, hadithi ambazo bado zimo vinywani mwa wazee, kama hizi za Mara, ziandikwe sasa kwa majina ya watu na milima yake. Kamera zitakuja, ikiwa hazijaja. Na zikikuta nchi ambayo hadithi zake hazikuandikwa, zitaiandika upya kama zipendavyo, wala hatutakuwa na ukurasa wa kuwaonyesha kwamba sivyo ilivyokuwa.

Umbopa alipotaka kujulikana hakueleza kwa maneno mengi. Alifunua nguo, akaonyesha alama iliyokuwa mwilini mwake tangu utotoni. Alama ya watu wetu ni hadithi zao, na kazi ya kuziandika yataka daftari, kalamu, na kijana mwenye subira ya kumsikiliza mzee mpaka mwisho.